Kitufe Ambacho Sikukigusa

Nyumbani kwa Mama,
Gatuanyaga, Thika.
16 Februari 2025

Mpendwa ndugu yangu Nzioki,

Habari za siku nyingi huko Doha? Natumaini u mzima na kile kifua chako kimetulia. Sisi huku tunapumua tu. Mvua imetukataa, mbuzi wawili wamezaa, na vumbi la barabara limehamia ndani ya nyumba.

Najua utashangaa Nicanor, anayesafiri kuja huko, akikupa barua ya mkono wakati simu ipo. Ni kwa sababu kwenye simu nimekudanganya mara nne. Kila ukiulizia ile rekodi ya Mama, nakwambia mtandao ni mbaya. Mtandao hauna kosa, Nzioki. Rekodi haipo tena, na aliyeipoteza ni mimi.

Wiki ile kabla hajatuacha, Mama aliniambia nimwekee simu yake irekodi, kisha akanitoa nje. Alisema hayo ni maneno yako, kwa vile ulinyimwa ruhusa kazini ya kuja kumwona. Aliongea dakika kumi na tisa. Nilikaa na simu hiyo mwezi mzima bila kuyasikiliza, maana hayakuwa yangu. Leo najilaumu kwa adabu hiyo.

Baada ya mazishi nikaipeleka Kahawa Sukari kwa dada yetu Kaluki, ili mumewe, Mugo, aihamishie rekodi kwenye kompyuta yake na kukutumia. Simu ya Mama haikuwa na bando, na waya wa kuiunganisha na kompyuta ilikuwa imeukataa. Mugo akanicheka. "Shem, waya ni ya nini siku hizi? Simu yoyote na computer yoyote, bora ziko kwa wifi moja, zinaongea." Kweli, jina la simu ya Mama likatokea kwenye kompyuta. Nilifurahi kama mtoto. Papo hapo gari la maji likapiga honi langoni, naye akatoka mbio na mitungi. "Wewe chagua ile unataka, tuma!"

Nikatuma. Kompyuta ikauliza kama nakubali kupokea. Nzioki, hiyo ni mashine ya shemeji, tena ya ofisini. Mimi ni nani niibonyeze? Nikakunja mikono nikangoja. Baadaye swali likajiondoa lenyewe, jina la rekodi likabaki pale, nami nikadhani mambo yamekwisha. Mugo aliporudi akauliza kama imeingia. Nikasema imeingia.

Simu yenyewe Mama alikuwa amemwahidi Ngendo, yule rafiki yake wa kanisa aliyekuwa akitoka Kiandutu kila Jumamosi kuja kumwogesha. Unajua kwetu mtu hapewi chombo kichafu. Nikafuta kila kitu kilichokuwa ndani, jinsi tunavyosuuza jagi la jirani kabla ya kulirudisha, nikampa ikiwa safi kabisa.

Siku ya tatu Mugo akanipigia. "Shem, hapa kuna jina tu, ndani ni empty. Kwani hukubonyeza accept?" Niliketi chini palepale zizini. Fundi wa Thika aliishika simu siku mbili, akanirudishia akitikisa kichwa. Nimelia mpaka nimechoka, na kuomba pia siwezi. Hakuna anayenilaumu, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Kaluki na Mugo wanakusalimu sana. Ngendo naye anakusalimu. Simu amekataa kuitumia, ameifunga kwenye leso na kuiweka kabatini.

Sina la kukupa ila hili moja. Siku ile Mama anarekodi, nilikuwa nje nikianika nguo. Maneno sikuyasikia. Lakini jina lako nililisikia mara tatu, na mara ya tatu Mama alicheka, kile kicheko chake cha kuishia na kikohozi. Ndicho kilichobaki. Nimekuandikia kwa kalamu kisije kikafutika nacho.

Mungu akulinde huko ugenini, na akulainishe moyo juu yangu.

Dada yako akupendaye, hata usiponijibu,
Mwelu