Bakteria wa Mjomba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, na Mjomba ni mzima pia, ingawa leo asubuhi alijishika kichwa.

Uliponileta kwake nijifunze kuzungumza na watu, nilijificha chumba cha nyuma cha duka lake la soseji, nikichanganya nyama, chumvi na wale bakteria wanaoipa soseji wekundu na harufu yake nzuri. Ni wapole, hawaulizi kitu. Leo Mjomba akaniweka kaunta. Mteja wa kwanza akanyooshea soseji kidole, akaniuliza, "Binti, humu mna nini?"

Nikajibu, "Nyama, chumvi na bakteria."

Foleni karibu yote ikatoka mbio.

"Miezi yote hii hufungui kinywa," Mjomba akafoka, "leo umekifungua, umenifungia duka! Kesho useme 'viungo' tu, la sivyo nakurudisha kwa mama yako."

Nikamwambia, "Mjomba, wanafanya kazi kuliko sisi sote. Siwezi kuwakana."

Fundi viatu, aliyebaki peke yake mlangoni, akacheka mpaka akakohoa, kisha akaomba nusu kilo "ya hao wachapakazi."

Mjomba akampimia, akasema kesho niko kaunta tena. Mama, nilimjibu Mjomba kwa sauti!

Mwanao uliyekuwa ukimwita Bubu