Ngwe ya Athumani

Jumanne, 11 Februari
Nimelima ngwe ya Athumani tena. Kila mwaka kabla ya masika ni hivyo. Mama kwenye kigoda, ananisimamia nisisogeze mpaka. Mgongo umekwisha.

Kaka yangu Athumani alikwenda vitani Uganda. Kampala ilishaanguka, redio ilishatangaza, huku Sindeni tulishamtengea jogoo wa kumpokelea. Ndipo ikaja habari. Mama akasema, vita imekwisha, mtu anakufaje? Mpaka leo anasema hivyohivyo. Hajakubali matanga. Neno marehemu halitamkwi humu ndani.

Alhamisi, 13 Februari
Hamza, mdogo wangu, ameamua. Hitima Jumapili, kabla ya mfungo. Mama asije akafa mwanawe hajasomewa. Shekhe kaambiwa, mbuzi kafungwa kwa jirani. Kamwita na Mzee Maganga wa Korogwe, aliyekuwa vitani na Athumani. Huyo alikuja mara moja tu, zamani, kutueleza. Mama alimfukuza kwa mchi wa kinu.

Mama hajaambiwa lolote. Hamza mjinga kweli, anadhani mama hana masikio.

Ijumaa, 14 Februari
Amejua. "Mkimsomea mwanangu, mnisomee na mimi siku hiyohiyo." Kajifungia. Hali chakula.

Jumamosi
Uji umerudi kama ulivyokwenda. Maji tu. Kwa umri ule! Hamza anasema watu wameshaalikwa. Nimemtukana. Naogopa.

Jumapili, 16 Februari
Uwanja umejaa. Mama ndani, mlango komeo.

Akaja Maganga na mkongojo wake. Salamu hakutoa. Mnyamwezi yule, mtani wetu, na mtani msibani hakatazwi. Akachomoa jembe la Athumani chini ya paa, akajilaza nalo mlangoni pa mama, akimwigiza Athumani.

"Mzigua mvivu huyu! Vita imekwisha, wenzake tunarudi nyumbani, yeye analala njiani! Nimembeba mgongoni mpaka kwenye gari, mzito kama gunia la mahindi mabichi, hata asante hakunipa!"

Nilitamani ardhi inimeze.

Ndani mtu akacheka. Mama! Kicheko kikakatika, kikawa kilio. Miaka yote hiyo sijawahi kumsikia akilia. Komeo likatoka. Akamchapa Maganga fimbo ya mguu, arudishe jembe, mwizi mkubwa. Kisha akamuuliza, taratibu, kama mwanawe aliteseka.

Maganga akavua kofia. "Hapana, mama. Ilikuwa mara moja."

Mama akakaa chini, palepale karibu naye. Tukasoma. Wali alikula kidogo, nyama akampa Maganga.

Jumatano, 9 Aprili
Mvua nzuri. Mahindi yameota. Nilikuwa naosha sufuria, mama akapiga kelele kutoka kigodani: we Mwanahawa, macho yako ya nini, mbuzi wameingia kwenye ngwe ya marehemu!

Nikanawa mikono, nikaenda kuwatoa.