Niliulizwa Jina Hekaluni, Nikataja Langu

Mpendwa mshauri wetu, Akka Poomani,

Naomba msaada wako, na nakuita Akka kama mdogo anavyomwita dada yake mkubwa, maana yule niliyezaliwa naye ameshatangulia na haya niliyo nayo siwezi kumweleza jirani. Usitaje jina langu gazetini. Niite Mama wa Bembea, na binti yangu nitamwita Vinodhini ingawa si jina lake, na shamba letu la chai liache hivyo hivyo bila jina, kwani huku milimani mtu akipiga chafya safu ya nyumba za juu, safu ya chini wameshaanza kumpa pole.

Nina miaka arobaini na sita. Kazi yangu ni kulea watoto wachanga wa wachuma chai, mama zao wananiletea saa moja asubuhi kabla hawajapanda mlimani na vikapu, nami nawalaza kwenye sari kuukuu tulizozifunga kwenye boriti zikawa bembea, wako kumi na mmoja sasa hivi, na nikishawanywesha maziwa huwa nakaa chini katikati yao, kamba mbili nimefunga mguuni, nabembeza kwa mguu huku mikono iko huru. Mikono hiyo ndiyo iliyoniponza, Akka, maana ilianza kushika vitabu. Mimi niliachishwa shule nikiwa na miaka kumi na tano, mama yangu alipoteleza mlimani akavunjika nyonga, kesho yake nikachukua kikapu chake, na kitabu cha historia nilichokuwa nimekivalisha jalada la gazeti nikakirudisha shuleni na jalada lake. Miaka miwili na nusu iliyopita alikuja bwana mmoja wa chuo kikuu huria pale ukumbi wa mjini akasema asiye na vyeti, awe na umri wowote, anaweza kuanza na kozi ya maandalizi, na akiifaulu anaingia digrii sawa na wengine. Nilirudi nyumbani na fomu nimeikunja ndani ya blauzi.

Sikumwambia mtu. Niliona haya, na nilijisemea kama ni kuanguka basi nianguke peke yangu bila kuchekwa. Vitabu nilivificha kwenye debe la maziwa ya unga pale kazini, na Jumamosi za darasa nilidanganya kwamba naenda kumwangalia shangazi mwenye kisukari, na shangazi mwenyewe alipojua alicheka mpaka akakohoa, akanifichia siri. Wakati huo huo Vinodhini wangu, ambaye sasa ana miaka ishirini na moja, alikuwa anajiandaa na mtihani wa kuingia chuo kikuu kwa mara ya tatu, na ya nne hairuhusiwi, wewe unajua. Tulikuwa tunasoma wawili katika nyumba ya vyumba viwili, na mmoja hakujua kuhusu mwenzake. Mtihani wangu wa kumaliza maandalizi ulikuwa Jumapili, na wa kwake ulianza Jumatatu iliyofuata. Siku chache kabla ya hapo, Ijumaa, nikabeba sinia kwenda hekalu la mungu Pillaiyar, aondoaye vikwazo, sinia la nazi, ndizi, tambuu, kafuri na maua mekundu aliyoyachuma Vinodhini mwenyewe asubuhi ile, akaniambia, "Amma, mwambie kuhani ayatamke vizuri, mara ya pili alimeza nusu ya jina langu." Tukacheka.

Akka, kuhani alichukua sinia akauliza kama anavyouliza siku zote, "Jina na nyota ya kuzaliwa?" Na mimi nikataja langu. Jina langu, na nyota yangu ya Anusham. Sikuteleza ulimi, nisikudanganye. Tangu niolewe nimesimama pale mbele nikitaja jina la mume, la mama mkwe, la mtoto, hata la ng'ombe wetu alipougua, na siku ile mdomo ulipofunguka likatoka la kwangu, nami nikalisikia likiimbwa mbele ya mungu kwa mara ya kwanza, nikafurahi. Hicho ndicho kinachoniua, kwamba nilifurahi. Kuhani akavunja nazi, nikapaka jivu takatifu kwenye paji, nikaenda nyumbani nikampaka na Vinodhini, naye akafumba macho akidhani limeombewa jina lake.

Matokeo yake yalipotoka yalikuwa mazuri, lakini yamekaa ukingoni, tukawa tunasubiri kutangazwa alama za chini ambazo chuo kikuu kinazikubali kwa watoto wa wilaya yetu. Ndipo mgawa barua wa ofisi ya shamba, mzee Arulappan, akapandisha na bahasha yenye muhuri wa chuo kikuu. Hakutazama zaidi ya muhuri. Alianza kupiga kelele tangu kwenye ngazi za bomba la maji, "Jamani! Safu yetu imetoa msomi! Yuko wapi mtoto? Leteni sukari!" Wanawake wakatoka, mama mmoja akamtia Vinodhini sukari mdomoni, mwingine akampaka nukta nyekundu usoni, watoto wakampigia makofi. Mimi nilikuwa kazini, niliitwa, nikaja mbio na mtoto wa mtu begani, na nilipofika alikuwa ameshaifungua. Alikuwa amesimama katikati ya watu, sukari bado iko mdomoni. Akasema, "Si yangu. Ni ya Amma." Mtu mmoja nyuma akacheka, na mzee Arulappan akawa anavua kofia na kuivaa, anavua na kuivaa.

Wiki iliyofuata alama za wilaya zikatoka. Binti yangu amepungukiwa na kitu kidogo hata sijui nikiite nini, tarakimu ya tatu baada ya nukta.

Hajanifokea, Akka, angenifokea ningepumua. Jioni ya bahasha ile alinikunjia vizuri barua hiyo ya kunipa nafasi ya digrii akaniwekea chini ya picha ya bibi yake, akasema, "Hongera, Amma." Nilipoanza kulia akasema, "Ungeniambia tu. Ningekufundisha." Basi, tangu hapo ananijibu nikimuuliza tu. Shangazi alipomwambia ajaribu njia hiyo hiyo ya maandalizi, alijibu, "Huo ni mlango wa uani, shangazi, wa watu waliochelewa. Mimi sikuchelewa, nilifika wakafunga." Baba yake, msimamizi wa vikaushio vya chai kiwandani, akasema mezani watu wote wakisikia, "Nyumba yangu ina mwanafunzi wa chuo kikuu, ila siye yule niliyemlipia masomo." Sasa Vinodhini amejiandikisha kiwanda cha nguo kule karibu na uwanja wa ndege, Jumatatu ya tarehe tatu anapanda basi na wasichana wengine wawili, amekwisha kunyoosha nguo zake na kuzipanga. Na chuoni mwisho wa kujisajili ni Ijumaa ya tarehe ishirini na nane Februari, siku tatu kabla hajaondoka.

Nataka kuiacha nafasi hii. Nahisi niliiba. Yalikuwa maombi yake, sinia lake, maua aliyachuma yeye, nami nikayala, yeye akakosa kwa kipande kidogo kile kile ambacho labda jina lake lingempatia. Je, nikiiacha, deni langu kwa mungu litaisha? Na je, nimwambie Vinodhini niliyoyafanya hekaluni, au niende nayo kaburini? Watoto wananililia kwenye bembea nami nasahau kubembeza. Nisaidie.

Mama wa Bembea, milimani

*

Mama wa Bembea, mdogo wangu,

Nimekaa kwenye kiti hiki miaka kumi na tisa. Nimeandikiwa na waliotoroka na waume za watu na waliouza shamba la mama akiwa hai. Barua yako ndiyo iliyonifanya chai ipoe mbele yangu nisikumbuke kuinywa. Pole sana. Nakupa pole kwanza kwa sababu nakuja kukugombeza.

Tuanze na hekalu, maana umeng'ang'ania hapo. Hivi unamdhania nini Pillaiyar wa watu? Kwamba anakaa na daftari kama karani wa shamba, mtoto ambaye jina lake halikutajwa Ijumaa anakatwa alama Jumatatu? Maua yale mekundu hakuyaona yametoka mkono wa nani? Binti yako amekosa kwa sababu nafasi ni chache na watoto wenye akili wa milimani ni wengi. Hilo ni la kusikitisha, na nasikitika nawe, lakini si kazi ya ulimi wako. Na ukiiacha nafasi yako Ijumaa hakuna atakayempelekea yeye. Itakwenda kwa mtu mwingine asiyekujua, na nyumbani kwenu watabaki wawili waliokosa badala ya mmoja. Hayo ndiyo malipo unayotaka kumpa mungu?

Halafu unaniambia ulifurahi kusikia jina lako, na hilo ndilo linalokuua. Mdogo wangu, hapo nililia. Mwanamke amesimama mbele ya madhabahu miaka ishirini na ushee, amemwombea mpaka ng'ombe, siku moja anajitaja mwenyewe na anajiita mwizi! Ulikosea siku ya kuchagua, ndiyo, na sitakwambia hukukosea. Siku ile ilikuwa ya mtoto. Ungekwenda Alhamisi kwa ajili yako na Ijumaa kwa ajili yake, kuhani yupo siku zote. Ni kosa, lina ukubwa wake, usilikuze likawa mlima.

Kosa lako kubwa umeliandika kisha ukalipita bila kulitazama. Rudi usome alichokwambia binti yako jioni ile: "Ungeniambia tu. Ningekufundisha." Umeona? Hakusema ungemwachia nafasi. Mtoto huyo amerudia vitabu vyake mara tatu mpaka anavijua kwa moyo, na mama yake anaficha vyake kazini kwenye debe la maziwa. Angekuwa na mwenzake. Miaka miwili na nusu alidhani yuko peke yake. Ukaogopa kuchekwa, na mwisho wake aliyechekwa ni yeye, mbele ya safu nzima, sukari mdomoni. Hilo ndilo utakaloliombea radhi, na hekalu litafuata nyuma yake.

Kwa hiyo mwambie yote mawili. Usiende nayo kaburini, kaburi halina haja nayo. Mwambie mchana, Jumapili hii, mkiwa mnachambua mchele au mnafua, ili mikono iwe na kazi na macho yawe na pa kutazama. Usianguke miguuni pake na usianze kulia wewe, maana ukianza atalazimika kukubembeleza na yake yatabaki tumboni. Akikasirika, kaa. Akitoka nje, mwache atoke, ataingia, mvua za huko kwenu nazijua.

Ijumaa usiingoje. Jumatano omba ruhusa kazini, mama mmoja akae na bembea, ushuke mjini ukajisajili. Mumeo akinung'unika, mkumbushe kwamba msichana wa miaka kumi na tano aliyebeba kikapu cha mama yake hakuna aliyemlipia masomo, naye amefika. Ukishajisajili, mpelekee Vinodhini kitabu chako cha kwanza umwombe akufundishe. Uombe kweli, kwa sababu utahitaji kweli. Labda atakataa. Siku nyingine muombe tena.

Kuhusu huo mlango wa uani, usibishane naye. Ana miaka ishirini na moja na amefungiwa mlango wa mbele mara tatu, ana haki ya kuutukana mwingine kwa muda. Kama atapanda basi tarehe tatu, mfungie chakula cha njiani, na fomu ya maandalizi iweke chini kabisa ya begi, chini ya hizo nguo alizozinyoosha, bila neno. Wasichana wa viwanda vile wana siku ya kupumzika, na madarasa ya Jumapili yapo hata kule. Mlango huo haumuulizi mtu amefika saa ngapi. Wewe umeupita ukiwa na arobaini na sita, huku umefungwa kamba mguuni.

Na kabla hajaondoka, mwombe mwende nyote wawili hekaluni. Sinia beba wewe, maua ayachume yeye akipenda. Kuhani akiuliza jina na nyota, wewe funga mdomo, umwache Vinodhini ajibu. Akitaja lake peke yake, ni haki yake, kunja mikono uombe pamoja naye. Na akitaja la kwako, usilie pale mbele, toka nje kwanza, kuna watu wanangoja zamu.

Akka Poomani