Tangi limejaa, mita zimegoma

Stella, nimechoka. Nimekaa hapa chini ya tangi, hata kunyanyuka siwezi.

Zile mita za kadi tulizofungiwa bombani hapa Msimbu zimegoma tangu asubuhi. Tangi limejaa, pampu haina tatizo. Ni mfumo wa kampuni ya mita ndio umelala huko mjini, basi kijiji kizima hakuna anayechota.

Mimi mhudumu wa bomba nikawa nasema tu mtandao uko chini, mtandao uko chini. Bi Anifa akaniuliza, "Kwani mtandao ndio unatuchotea?"

Kampuni nimewapigia mara kumi na nne. Ule wimbo wao wa kusubirisha tu.

Halafu akaja Abdulwahab, jirani yangu. Mama yake amefariki alfajiri, wanazika baada ya adhuhuri. Kashika madumu mawili matupu. Akasema taratibu, "Jenifa, naomba maji ya kumwoshea mama."

Stella, nikamwambia mtandao uko chini. Kwa mdomo wangu huu huu. Mtu kafiwa.

Akayaweka madumu yake chini ya bomba.

Nikaenda kuchukua spana. Nikaing'oa mita, nikaunga bomba, maji yakatoka. Mama wa watu kaoshwa, kazikwa, na kijiji kikachota.

Sasa hivi kampuni wamenipigia wenyewe. Nikajua wanaomba radhi. Dada ana sauti nzuri hiyo: "Mfumo unaonyesha mita yako imeng'olewa. Nani kaing'oa?"

Nimemwambia mtandao uko chini, nikakata.