Funga Kwanza Upande Wako

12 Machi

Mwanangu Dagný,

Nakusalimu kutoka bondeni. Theluji bado iko magotini, lakini tu wazima, mimi na kondoo. Goti langu la kushoto ndilo linalolalamika peke yake. Kifua chako vipi? Huko mjini Reykjavík mnakohoa mwaka mzima.

Ile programu ya kuandikia uliyoniwekea nilikuwa naitukana, sasa tumepatana. Kila tukio lina kadi yake, kadi zote ziko ubaoni, na nikitaka kulihamisha tukio kutoka sura ya tatu kwenda ya tisa, naliburuta tu kama kondoo mkaidi. Ningekuwa nayo ujanani, riwaya hii ya vizazi vitatu ingekwisha kabla hujazaliwa.

Habari yenyewe ni hii: nimemaliza harusi. Ni yetu, mimi na marehemu baba yako, nimebadilisha majina tu. Imekula mwezi mzima wa baridi, na nimelia humo kuliko nilivyolia makaburini. Lakini usichungulie! Utasoma kitabu kikiisha, Krismasi, kama watu wengine.

Mama

18 Machi

Mama mpenzi, shikamoo.

Kifua kimepona, pole na goti. Nichungulie, mimi? Mwanao mtiifu hivi?

Kumbuka jambo moja. Kitabu chako kiko pia kwenye kompyuta yangu, kinajinakili kupitia mtandao, kwa usalama tu. Programu hii haipendi kufunguliwa sehemu mbili. Anayetaka kufungua, mwenzake afunge kwanza upande wake. Mimi sifungui, kwa hiyo andika bila wasiwasi.

Mwanao, Dagný

4 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijui niseme sijambo au la.

Harusi haipo. Nimefungua leo, ubao uko kama ulivyokuwa Februari tulipokula vichwa vya kondoo kwenye karamu ya majira ya baridi. Kadi zote za baadaye zimetoweka. Nimetafuta mpaka macho yamevimba.

Sasa najiuliza: niliandika, au niliota naandika? Bibi yako alianza hivi hivi. Anatuambia ameoka mikate, tukifungua jiko, baridi tupu. Akaishia kuniita kwa jina la ng'ombe.

Wewe unazijua mashine. Niambie ukweli: inaweza kufuta yenyewe?

Mama

13 Aprili

Shikamoo Mama.

Nisamehe kwa kuchelewa kujibu, kazi zimenizidi.

Mashine haifuti yenyewe. Labda ulichoka. Labda harusi uliitunga kichwani ukadhani umeshaiandika, mbona wengi huwatokea. Pumzika kidogo, usijitese.

Dagný

28 Agosti

Mwanangu,

Salamu nyingi. Hapa afya ni ile ile, ya mwili. Kwenye simu huwa tunaongelea mvua tu, basi haya nimeona niyaandike.

Tangu Aprili sijaifungua ile programu. Harusi niliiandika upya kwa kalamu, nijipime kichwa, lakini sina cha kulinganisha nacho, kwa hiyo haikunisaidia kitu. Daktari wa mji wa Akureyri anasema tusubiri vipimo. Mimi siwezi kusubiri. Je, nikisahau kuwalisha kondoo, dhoruba iko nje na wao wamefungiwa zizini? Bora niwaage nikiwa na akili zangu. Wakishashushwa milimani mwezi ujao, wote wanakwenda machinjioni, na kiongozi wao Móra pia.

Jirani yetu Ketill alinifokea: "We Hallbera, umerogwa? Kondoo kiongozi kama yule unamchinja?" Nikamwambia bibi mzee na kondoo mzee wasiachiwe nyumba.

Usiwe na huzuni. Ulinijibu kwa upole Aprili, na nashukuru.

Mama

2 Oktoba

Shikamoo Mama, ingawa sistahili kuitikiwa.

Harusi uliiandika. Niliifuta mimi.

Mwishoni mwa Machi nilikuwa kwenye nyumba ya mapumziko ya rafiki, mahali pasipo na mtandao. Nilimkumbuka baba mpaka nikashindwa kula. Nilijua yumo kitabuni, nikafungua nimsikie akiongea. Kompyuta yangu ilikuwa bado na nakala ya Februari, haijapokea kadi zako mpya, kwa hiyo harusi haikuwemo. Nikakuta mahali pamoja tu anapopita bila kuongea, umemvalisha sweta la kijivu, nikaandika la kahawia, ndivyo ninavyomkumbuka. Neno moja tu. Niliporudi mjini kwenye mtandao, mashine ikaona kazi yangu ndiyo mpya zaidi, ikaifunika yako.

Nilielewa siku ile ile uliponiandikia. Ningepiga simu hapo hapo ungenigombeza tukacheka. Nikaona aibu. Halafu nikakuandikia ule uongo, na baada ya hapo kila siku iliufanya mzito zaidi. Uliposema kuhusu kondoo niliapa nitakupigia kesho. Nikaahirisha hivyo hivyo mpaka jana Ketill aliponitumia picha ya lori la machinjioni.

Na kuna baya zaidi. Programu huweka nakala ya akiba kila unapoifunga. Kwenye kompyuta yako kuna folda ya akiba. Tafuta nakala ya Machi. Nililijua hili tangu Aprili. Ningekuonyesha, ungeniuliza nani aliifunika.

Nilikuacha uogope kichwa chako mwenyewe, Mama. Sijui niombe vipi msamaha wa jambo hilo.

Dagný

11 Oktoba

Dagný,

Leo sianzi na salamu.

Nimeipata harusi. Nimeiweka kando ya ile niliyoandika kwa kalamu. Zimetofautiana mvua tu: kwenye moja inanyesha tukiingia kanisani, kwenye nyingine tukitoka. Kichwa changu kilikuwa kizima muda wote.

Siku ya lori Ketill alisema, "Nipe basi Móra peke yake." Nilikataa. Móra alipanda wa kwanza, mwenyewe, kama alivyozoea kuwatangulia wenzake kwenye theluji, na wote wakamfuata. Kitabu kimerudi, yeye harudi. Nimekukasirikia na bado sijamaliza.

Lakini ulimtafuta baba yako ukamkosa, na hilo nalo limeniuma. Sweta lilikuwa la kijivu siku zile. La kahawia nilimfumia ulipozaliwa wewe, ndiyo maana hulijui jingine.

Nimefunga upande wangu. Fungua, msikie anavyoongea siku ya harusi yake. Ukimaliza, funga, uje nyumbani. Zizi linahitaji kufagiwa, na mimi siwezi kuingia humo peke yangu.

Mama