Bundi Wamehamia kwa Mama Mkwe

Jumapili, 10 Novemba

Asubuhi nimekuta kalunguyeye ndani ya kiatu changu cha bustani. Si karibu na kiatu — ndani. Amejikunja, miiba nje, anakoroma. Nikamwita mama mkwe aje aone. Akaangalia, akasema angalau yuko mmoja hapa nyumbani anayekitumia kile kiatu.

Ndivyo tunavyosalimiana tangu mke wangu Vida aende Linz, ng'ambo, kutunza wazee wa watu na kuniachia wa kwake. Tuko wawili tu, mimi na Mama Smilja. Nyumba ni yake, bustani ni yake, na nikivuta pumzi sana nahisi hata hewa ni yake. Ananiita "mkwe", kama mtu anavyomwita mpangaji.

Kalunguyeye nimemwachia kiatu.

Jumamosi, 16 Novemba

Nilikuwa nakusanya majani chini ya msunobari, ule aliopanda marehemu baba mkwe Vida alipozaliwa. Nikahisi natazamwa. Nikainua macho — tawi likanikonyeza.

Nikatazama tawi la pili. Nalo lina macho. Mti mzima una macho! Bundi. Wembamba, wamejinyoosha kama vipande vya gome, masikio juu, macho ya rangi ya chungwa. Nilijaribu kuwahesabu nikashindwa. Kila nikimaliza tawi, kipande cha gome kinageuza shingo.

Kosa langu ni moja: nilimwita mama mkwe.

Alitoka na kitambaa cha vyombo mkononi. Akatazama juu. Akarudi ndani, akafunga mlango kwa ufunguo, mimi nikiwa nje.

Jumatatu, 18 Novemba

Leo kaongea. Bundi mmoja akilia juu ya paa, anasema, kuna mtu atatolewa humo akiwa ametanguliza miguu. Mji mzima unajua. Sasa wakija mti mzima?

Nikamwambia labda wamekuja kwa ajili ya mtaa wote, ila wamependa kukaa kwetu. Hakucheka. Ndipo nikaelewa, na nikaona haya.

Moyo wake una kilango kimoja kilichochakaa. Akipanda ngazi za mbele anasimama katikati, anajifanya kutazama maua. Maua gani, Novemba? Daktari wa hospitali ya Novi Sad amempangia upasuaji mwezi wa kwanza. Sasa ameweka sharti: mti ukatwe, ndipo aende. Mti ukibaki, na yeye anabaki.

"Sitalala chini ya kisu na hawa wamekaa hapa wakinisubiri," alisema. Kisha akaniuliza kama nataka supu zaidi.

Nikampigia Vida. Akasema kata mti. Halafu akalia, kwa sababu ni mti wa baba yake. Halafu akasema usikate. Nikamuuliza nishike lipi. Akasema mimi ndiye niliyeko huko.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimejaribu kuwafukuza. Sufuria na mwiko, kuzunguka mti, kama kichaa. Bundi mmoja akafungua jicho moja. Akanitathmini. Akalifunga.

Jirani yetu Etelka, Mhungaria, mfamasia mstaafu, akachungulia juu ya ua na kuuliza kwa adabu kama nimeanza kujifunza muziki. Kisha akanieleza. Hawa ni bundi masikio, huja mjini majira ya baridi kwa sababu misunobari yetu ina joto na mashamba ya nje yana panya. Masika wanaondoka. Na sheria inakataza kuwagusa, wao na mti wanaolalia. Ameomba ruhusa ya kuleta marafiki zake waje kuwatazama.

Mama mkwe akajibu kutoka dirishani kwamba kama anawapenda hivyo awachukue, ngazi tutamwazima.

Kwa hiyo: sheria inasema mti ubaki. Mama mkwe anasema mti uondoke. Mke wangu anasema yote mawili. Mimi ni mwalimu wa udereva, kazi yangu ni kuwaambia watu wageukie wapi, na leo sijui nigeukie wapi.

Jumanne, 17 Desemba

Keshokutwa ni sikukuu ya Mtakatifu Nikola, mlinzi wa ukoo. Padri Gojko kaja kubariki maji. Kijana mnene, mpole, anapenda keki. Alipomaliza jikoni, mama mkwe akamshika mkono wa joho na kumpeleka bustanini. Akamwomba aunyunyizie mti.

Padri akamweleza taratibu kwamba hawa ni viumbe wa Mungu na maji ya baraka si dawa ya kufukuzia ndege. Mama mkwe akasema basi kama ni viumbe wa Mungu, maji kidogo hayatawadhuru. Padri akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Akainua kishada cha mrehani cha kunyunyizia maji. Akainua na uso. Na hapo kitu kikadondoka — pu! — juu ya bega lake. Kidonge cha kijivu, manyoya matupu.

Nilikuwa nimeuma ulimi hadi machozi yakanitoka.

Etelka, ambaye siku hizi anaishi pale uani, akaomba akione. Akakipasua kwa pini ya nywele: fuvu dogo, taya, meno yote yamekamilika. Bundi hummeza panya mzima, alisema, kisha hutapika asichokitaka. Mama mkwe alikuwa amekusudia kwenda zake. Akarudi hatua. Akainama.

"Huyu ndiye aliyekula viazi vyangu," alisema.

Akalitazama lile fuvu kwa muda mrefu, kwa furaha ambayo mtu hapaswi kuionyesha mbele ya padri.

Jumamosi, 28 Desemba



Theluji ilianguka tangu alfajiri. Baada ya chai tukasikia makelele bustanini. Kunguru, kundi zima, wamewavamia bundi. Wanawadonoa, wanawang'oa kwenye matawi. Bundi mmoja alikuwa ameanguka kwenye theluji, mabawa wazi, anatoa sauti kama nyoka, kunguru wamemzunguka.

Nilikuwa natafuta viatu. Nilipoinua kichwa, mama mkwe alishatoka. Na ndala za ndani, bila koti, ufagio mkononi. Mwanamke asiyemaliza ngazi! Aliwapiga kunguru, akaupunga ufagio hewani, akawatukana kwa maneno ambayo sikujua anayo na ambayo sitayaandika hata humu. Akasimama juu ya yule bundi, mguu huku na mguu huku, mpaka ndege akajikusanya na kuruka hadi tawi la chini.

Halafu mama mkwe akakaa chini kwenye theluji, kama mtu aliyekumbuka kwamba amechoka. Midomo ya buluu.

Nilimbeba. Miaka yote hii chini ya paa moja sijawahi kumshika zaidi ya mkono wa sikukuu. Sikujua kwamba ni mwepesi namna ile. Moyo wake niliusikia kupitia sweta langu, unaruka, unakosea, unaruka.

"Usimwambie Vida," alisema kwenye kola yangu.

Nikamlaza, nikampa dawa, nikamfunika. Nilidhani amelala.

"Amenitazama, Ranko," alisema.

Nikakaa pale. Nilihitaji muda kukumbuka kwamba Ranko ni mimi.

Jumanne, 7 Januari

Krismasi, kwa kalenda ya kanisa letu la Kiorthodoksi. Vida yuko nyumbani! Amekonda, ananukia sabuni ya kigeni, anacheka kila kitu.

Asubuhi alimkuta mama yake kwenye kiti dirishani, blanketi magotini, anawasema bundi. Kila mmoja ana jina la marehemu fulani. Yule mnene anayechukua nafasi ya watu wawili ni wifi yake Kosara. Yule aliyeinama upande ni baba mkwe akitoka kunywa. Akimkuta kajinyoosha, anamwambia hadanganyi mtu.

Vida akanivuta jikoni, akaniuliza polepole kama akili ya mama iko sawa. Nikamwambia haijawahi kuwa bora.

Wakati wa chakula nikajikaza, nikauliza kuhusu hospitali. Mama mkwe akasema ataenda, bila shaka, tarehe si imepangwa? Nikauliza, na lile sharti?

"Sharti gani?" Akanitazama kama mtu anayezua mambo.

Vida anarudi Linz Jumapili. Ameahidi kuwa hapa siku ya upasuaji.

Jumanne, 21 Januari

Kesho ni upasuaji. Mama mkwe kapakia gauni jipya la kulalia, lenye maua. Anasema kama watu watamwona hivyo, wamwone vizuri. Jioni hakuwasema bundi. Aliwatazama tu.

Jumatano, 22 Januari

Naandika kwenye ukumbi wa hospitali, Novi Sad, kiti cha plastiki.

Asubuhi mti ulikuwa mtupu.

Nilitoka kuwasha gari, nikatazama juu kwa mazoea. Hakuna. Nikauzunguka. Hakuna hata mmoja — madoa meupe tu kwenye theluji na vile vidonge vya manyoya. Januari! Etelka alisema masika. Nikataka kugonga kwake, lakini mama mkwe alikuwa ameshaketi garini, mkoba magotini.

"Wapo?" aliuliza.

Nikasema wapo. Wamepanda juu zaidi, kwa sababu ya upepo.

Nikaondoa gari. Tukafika getini, gari likakita, likazima. Nilidhani ni mimi. Kumbe ni yeye. Gari langu ni la kufundishia, upande wa abiria una breki ya mwalimu, na mguu wake ulikuwa juu yake.

"Hakuna upepo," alisema.

Nikawasha gari upya.

"Umekula supu yangu miaka mingapi, ukisema tamu?"

"Yote."

"Kwa uso huohuo."

Alitazama mti kupitia kioo. Muda mrefu. Nikamwambia tunaweza kungoja. Tunaweza kumpigia daktari, atupe siku nyingine. Nilikuwa nasema kweli. Angeniambia nigeuze, ningegeuza, na nisingemcheka.

Akainua mguu kwenye breki.

"Twende," alisema. "Wao wana mambo yao."

Njia nzima alinirekebisha. Nakaribia mno malori. Nashika usukani kama mwizi. Hospitalini wakamwambia avue kila kitu. Akaweka pete kiganjani mwangu, kisha meno yake ya bandia. Bila meno sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, mdogo. Alisema nikirudi nyumbani niwaangalie kunguru. Nikasema nitawaangalia. Kitanda kikasukumwa, mlango ukajifunga wenyewe, polepole, na pumzi kama ya basi.

Tangu hapo — hakuna. Wameniambia itachukua muda. Kila anayetoka na nguo za kijani nasimama, kila mmoja ananipita.

Vida amekwama mpakani Hungaria, basi halisogei. Ameniuliza mama aliondokaje nyumbani. Nimesema vizuri. Ameuliza na bundi je? Nimesema mtandao unakatika.

Nimempigia Etelka. Yuko sokoni. Nimemwomba akirudi atazame mti, anipigie tu, aniambie. Hakuniuliza kwa nini.

Meno ya mama mkwe yako mfukoni mwa koti, kwenye leso safi. Naendelea kuyagusa.

Simu inatetemeka pajani. Etelka.

Naitazama. Mimi, mtu mzima, naogopa simu. Miezi yote hii nimewacheka wanawake wawili uani. Ni kubonyeza tu. Kama wamerudi, wamerudi. Kama hawajarudi, ni ndege tu.

Imekatika.

Imeanza tena. Nimeigeuza, kioo chini, juu ya goti. Inatambaa kidogo kidogo kuelekea ukingoni na nimeizuia kwa kiganja.

Kwanza mlango ule ufunguke.