Silvio na Walinzi wa Bonde

Spinnereistraße 9,
Kaltenfurth,
Saksonia, Ujerumani.

17 Novemba 2019

Mpendwa dada yangu Roswitha,

Nakusalimu kwa moyo wote kutoka nyumbani. Mgongo wako unaendeleaje na baridi ya huko Kanada? Na shemeji Wolfram, ameruhusiwa kuendesha gari baada ya upasuaji wa moyo, au bado anakulalamikia wewe kana kwamba ndiwe daktari? Mimi sijambo, ila miguu huvimba jioni. Mama ni mzima wa mwili. Akili yake huja na kuondoka. Jana aliniita kwa jina lako, nami nikaitika.

Barua yako ya Oktoba nimeipata, pamoja na nakala ya ile aliyokuandikia Silvio kutoka gerezani. Unaniuliza kama ni kweli kwamba mimi, mama yake mzazi, ndiye niliyemtia ndani. Ni kweli. Mengine aliyokuandikia ni ya uongo, lakini hilo ni kweli, na nataka ulisikie kwangu tangu mwanzo wake.

Wewe ulimwacha ana miaka saba, mtoto wa kujificha nyuma ya sketi yangu. Alikua akawa fundi wa mapaa, mpole, msema machache. Kisha yakaja mafuriko ya mwaka 2013. Mto ulipopanda, wakubwa wa mji walikuwa bado wanapigiana simu. Silvio akapanda juu ya lori la mchanga akaanza kugawa kazi: wewe mifuko, wewe koleo, wewe wabebe wazee. Siku tatu hakuvua viatu. Mtaa wetu ukapona. Tangu hapo mtu akiwa na shida, iwe paa linalovuja au fomu asiyoielewa, alimwendea Silvio.

Akaanzisha kikundi, akakiita Walinzi wa Bonde. Walitengeneza uwanja wa watoto kuchezea, wakawapelekea wajane kuni. Nilijivuna, dada. Tangu kiwanda cha nyuzi kifungwe, na baba yake Silvio atukimbie, hakuna aliyekuwa amenisalimu kwa heshima namna ile.

Mwaka 2015 ile shule yetu ya zamani, uliyovunjia jino kwenye ngazi zake, ikapewa wakimbizi. Walikuwa watu themanini hivi. Mkutano ukaitwa kwenye ukumbi wa zimamoto, na Silvio akasimama. "Shule hiyo waliifunga wakisema haiwezekani kuwatia watoto wetu joto wakati wa baridi," akasema. "Leo joto limepatikana. Kwa ajili ya nani?" Watu walipiga makofi mpaka madirisha yakatetemeka. Nami nilipiga, kwa sababu neno lenyewe lilikuwa la kweli. Ndivyo alivyofanya siku zote: alianza na neno la kweli, na ukishaitikia, aliongeza la pili ambalo si la kweli, nawe ulishaona haya kunyamaza.

Wakaanza kuandamana kila Jumatatu, na mienge na ngoma. Kwanza arobaini, halafu mia tatu, halafu mabasi yakaanza kuja kutoka miji mingine, mpaka wakafika mia nane. Walivaa majaketi meusi yenye jani la mwaloni kifuani. Yale majani niliyashona mimi, dada, kwa cherehani ya Mama. Keki za plamu walizokula kabla ya kutoka nilizioka mimi. Dukani kwa mwoka mikate sikupanga foleni tena. Silvio aligombea udiwani akapata kura nyingi kuliko wote, na polisi wa mji walimpa mkono barabarani.

Na niliyaona mengine nikayaweka kando. Mwenye duka la dawa aliandika gazetini kuwapinga, na baada ya wiki moja kioo chake kilivunjwa. Mwalimu Ziegenbalg, aliyekuwa akiwafundisha wakimbizi Kijerumani, alikuta mlangoni pake shada la maua ya mazishi lenye jina lake. Alihama. Nilimuuliza Silvio. "Mama, vijana wana hasira," akaniambia. "Mimi ndiye ninayewashika. Siku nikiwaachia ndipo utakapoona." Nikakubali, maana nilitaka kukubali.

Sasa nikueleze habari za Yonas. Ni kijana wa Eritrea aliyekuja kujifunza kazi pale kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi na Mama anapotunzwa, mimi nikiwa msimamizi wa zamu. Unamjua Mama. Tangu maradhi yamwingie kichwani huwatemea uji wauguzi wote. Kwa Yonas alikula. "Wewe kijana, mbona mikono yako ya baridi hivi?" humwambia. Naye hujibu, "Bibi Lotte, si mimi, ni Saksonia yenu hii." Mama hucheka mpaka akohoe.

Jumapili moja Silvio alikuja kumwona bibi yake, akamkuta Yonas anamchana nywele. Akasimama mlangoni. Mama akamtazama, akasema, "Funga mlango wewe, unatuingizia baridi! Yonas, huyu nani?" Silvio alitoka bila kuaga. Ndani ya gari akaniuliza, "Unamwacha yule mtu amshikeshike bibi yangu?" Nikamwambia, "Njoo umshike wewe. Saa kumi na mbili asubuhi huwa ameshajilowesha, anangojea kubadilishwa." Akawasha gari. Nilidhani nimemshinda.

Yaliyofuata ni ya Machi mwaka jana, siku ya Jumanne. Yonas alikuwa akija zamu ya asubuhi kwa baiskeli, kwa njia ya mtoni. Kwenye daraja dogo walikuwa wametega waya, umekazwa kati ya nguzo mbili. Ulimpiga usoni, akaanguka juu ya mawe, kisha wakatoka watatu wenye mabomba ya chuma. Mama mmoja anayesambaza mikate ndiye aliyemkuta. Jicho la kushoto halikuokolewa. Vidole vya mkono wa kulia havikunjiki mpaka leo.

Asubuhi ile ile, kabla ya saa kumi na mbili, Silvio alikuwa jikoni kwangu na mikate ya moto, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nikamwambia ana bahati kunikuta, maana leo naingia kazini mchana. "Najua," akasema, akatazama saa ya ukutani. Polisi walipokuja kumuuliza, alisema alikuwa kwa mama yake, wanakunywa kahawa. Nami nikasema ndiyo, kweli, tulikuwa tunakunywa kahawa. Yule ofisa akafunga daftari, akampa mkono, akaenda zake.

Siku ya nne nilikuwa nafua nguo zake, maana bado aliniletea. Mfukoni mwa jaketi la kazi nikakuta karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ratiba ya zamu, ile niliyoiandika kwa mkono wangu na kuibandika kwenye friji, ikapotea, nami nikaandika nyingine bila kuwaza. Jina la Yonas lilizungushiwa penseli. Nyuma yake palichorwa njia ya mtoni, na kwenye daraja palitiwa alama ya msalaba. Nilikaa kwenye ukingo wa bafu, dada, sijui kwa muda gani. Maji yalifurika mpaka ukumbini.

Nilifungua mlango wa jiko la kuni nikiwa na karatasi hiyo mkononi. Sitakuficha hilo. Ningeitupa tu na mambo yangekwisha. Silvio akanikuta nimesimama hapo.

"Jaketi langu limekauka?"

"Karatasi hii ni ya nini?"

Akaiangalia. Wala hakushtuka. "Ichome, mama."

"Silvio, huyu ndiye anayemlisha bibi yako."

"Si hajafa?" akasema. "Niliwaambia wasimuue. Unadhani angepona kama si mimi?"

Alisema hivyo kama mtu anayengojea ashukuriwe. Dada, uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nami nimemzaa peke yangu, nimemlea peke yangu. Lakini nilipomtazama usoni sikumwogopa yeye. Niliogopa kwamba nilikuwa natafuta namna ya kumwelewa, na nilikuwa karibu kuipata.

Kesho yake sikwenda kwa polisi wetu. Nilipanda treni mpaka kwa mwendesha mashtaka, kule mjini, nikaiweka karatasi mezani kwake, nikaeleza habari za kahawa na za mikate. Mwanamke aliyeandika maelezo yangu aliniuliza mara tatu kama naelewa kwamba sheria hainilazimishi kutoa ushahidi dhidi ya mwanangu. Nikamwambia naelewa. Nikatia sahihi.

Walimkamata akiwa juu ya paa la kanisa. Walimngoja chini ya ngazi mpaka akashuka mwenyewe. Karakana yake ilipopekuliwa yakapatikana majina thelathini na moja, kila mtu na anwani yake, njia anazopita na saa zake za kutoka. Mwalimu Ziegenbalg alikuwemo. Meya alikuwemo. Hata mwoka mikate alikuwemo, yule aliyenipunguzia foleni.

Jumatatu ya kwanza walikuja watu mia sita kuliimba jina lake. Ya pili hawakufika mia. Kisha wenyewe kwa wenyewe wakagombana nani amrithi, mmoja akamvunja mwenzake pua mbele ya watoto. Maik Dörfel, makamu wake, aliyekula mezani kwangu na kuniita mama, alieleza yote mahakamani ili apunguziwe kifungo. Alisema siku zote alimwogopa Silvio. Wale vijana watatu walilia kama watoto, wakasema waliagizwa. Silvio hakulia. Alipewa miaka tisa. Leo ukizunguka Kaltenfurth nzima ukauliza, hutapata mtu aliyewahi kuandamana. Wale mia nane sijui walikuwa kina nani.

Kuhusu mimi, usihangaike sana. Asubuhi moja dukani mwanamke aliye mbele yangu alisema, bila kugeuka, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Wa nyuma yangu akasema, "Mama gani anayemuuza mwanawe?" Nilichukua mkate wangu nikaondoka. Wote wawili walikuwa na haki ya kusema, na wote wawili walizila keki zangu.

Yonas nilimwendea hospitali. Nilimweleza habari za ratiba, kwamba ilikuwa ya mkono wangu na ilitoka jikoni kwangu. Nikamweleza hata majani ya mwaloni. Bandeji ilikuwa imemfunika nusu ya uso. Kisha akasema, "Mwandiko wako mzuri, Mama Gerlinde. Mtu yeyote anausoma." Mpaka leo sijajua kama alikuwa ananipunguzia uchungu au ananichoma. Sikuthubutu kumuuliza. Amehamia Hamburg kwa dada yake. Kazi ya kuuguza haiwezi tena kwa mkono ule. Mama alikataa chakula wiki nzima, na hatuwezi kumweleza, kwa sababu kila tukimweleza husikia kwa mara ya kwanza.

Kuhusu alilokuomba Silvio, kwamba umtafutie huko watu wa kuyachapisha maandishi yake, nakusihi usifanye. Nimeyaona. Yanaanza na neno la kweli. Lakini mwandikie kama mama yake mkubwa, umuulize habari za meno yake na chakula, umweleze habari za theluji. Hana mwingine anayemwandikia. Wale walioimba jina lake hawajamtumia hata kadi ya Krismasi.

Mimi huenda gerezani kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Mara kumi na moja alikataa kuniona, nikarudi na kifurushi changu kwenye treni. Tarehe mbili mwezi huu alitoka kuniona. Amekonda, nywele zimeanza kumwacha kama za baba yake. Kisha akasema, "Ungengoja tu, mama. Wangenikamata wengine. Nisingekuchukia."

Nikamuuliza, "Wengine nani, Silvio?"

Nikaongeza:

"Nitajie mmoja. Katika mji mzima, nitajie mmoja tu ambaye angekuzuia."

Aliangalia meza. Nikaona anatafuta kweli, midomo inatikisika kidogo kama alipokuwa mdogo akifanya hesabu. Askari akaja kusema muda umekwisha, na mwanangu alikuwa bado anatafuta.

Nisalimie sana shemeji Wolfram, na binti yenu Kerstin na mumewe, na yule mjukuu mwenye jina la babu yetu Traugott, ambaye bado sijamshika. Shangazi Hiltrud anakusalimu. Hajui niliyokuandikia na usimwambie. Mungu awalinde nyumba nzima, awape usingizi, na awajalie watoto wenu mtu wa kuwaambia hapana mapema.

Ni mimi mdogo wako akupendaye siku zote,

Gerlinde